Shamba Lisiloamriwa

Nyanya nyingi zinazoliwa Kilwa zimesafiri mbali kuliko wapishi wanaozikata. Zimechumwa Ilula au kwingineko kwenye nyanda za juu za Iringa kabla hazijaiva sawasawa, zikapangwa kwenye matenga ya mbao, zikateremka Kitonga, zikakatiza mbuga ya Mikumi, zikapokelewa na madalali Dar es Salaam, kisha zikapakiwa upya kuelekea kusini: Mkuranga, Kibiti, daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Somanga, mpaka njia panda ya Nangurukuru, ambako gari hukunja kushoto kwenda Kivinje na Masoko. Kwa njia hiyo ni zaidi ya kilomita 700. Zikifika, za juu ya tenga bado zinang'aa, za chini zimeshaanza kutoa maji, na muuzaji anazipanga mafungu mezani akiwa ameshaijua hasara yake.

Njia hiyo ikikatika, jiko hupata habari mapema kuliko redio. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya, kilichokuja juu ya mvua zilizokuwa zimekwisha kuilowesha nchi, kiliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi sehemu kadhaa za wilaya ya Kilwa, Somanga ikiwa mojawapo, na magari yakasimama. Wazee hawakushangaa. Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, safari ya kusini ilipitia kivuko cha Ndundu, na masika ilipochachamaa kusini yote iligeuka kisiwa. Ubaya wake ni kwamba barabara hukatika wakati uleule ambao bustani za pwani zenyewe ziko tupu. Mwezi wa Mei mwenye bustani ana miche kitaluni, hana nyanya ya kuchuma.

Swali linalonishughulisha halihusu bei. Pwani hii imekuwa na bustani za kumwagilia kwa zaidi ya miaka 500. Ina visima, ina samadi, ina mikono. Kwa nini basi nyanya, ambayo mchuzi wa leo hauivi bila hiyo, imeachiwa watu wa milimani? Sehemu ya jibu iko kwenye hali ya hewa. Sehemu nyingine iko kwenye historia ya nani alimwamuru nani kulima nini. Nianze na hewa, kwa kuwa haina maneno mengi.

Nyanya ilitokea upande wa magharibi wa Amerika Kusini, kwenye nchi za milima ya Andes, na watu wa Meksiko ndio walioilea ikawa zao la kulimwa. Imezoea jua la mchana na usiku wa kupumzika. Usiku ukibaki na joto la zaidi ya nyuzi 22 hivi, chavua hudhoofika, na ua hukauka kwenye kikonyo chake likadondoka bila kuacha tunda. Januari na Februari, kaskazi inapovuma, usiku wa Kilwa hukaa kwenye nyuzi 24 hivi. Mche uliopandwa wakati huo hurefuka, hujaa majani mabichi, hutoa maua tele, na hauzai. Asiyejua hulaumu mbegu, halafu jirani, halafu jicho la hasidi.

Ikija masika, joto hupungua kidogo lakini majani hayakauki. Bakajani huanza na madoa kwenye majani ya chini, yakapanda juu, na ndani ya wiki mbili mche mzima umeungua kama uliopitiwa na moto. Ardhini kuna mnyauko wa bakteria, ambao haungoji mvua wala haujali dawa: mche uliokuwa mzima asubuhi unalegea mchana, jioni unajaribu kuinuka, kesho yake haunyanyuki tena. Kuutambua ni rahisi. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi, utazame. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, basi ng'oa mche, uchome, na mahali pale usipande nyanya tena kwa misimu kadhaa, wala ndugu zake: biringanya, nyanya chungu, pilipili, mnavu. Ukoo huu hushirikiana maradhi.

Zinabaki siku za kusi. Kuanzia mwisho wa Mei hadi Septemba upepo hutoka kusini, mvua hukoma, na usiku hushuka kufikia nyuzi 20 au chini yake kidogo. Huo ndio msimu ambao Kilwa hufanana kidogo na milima ya huko nyanya zilikotoka. Anayejua husia mbegu kitaluni Aprili, mvua zikiwa bado zinanyesha, na kitalu chake hukiezekea makuti ili matone mazito yasivunje vichipukizi. Baada ya mwezi mmoja, mche ukiwa na majani manne au matano, huuhamishia kwenye tuta. Mavuno huanza Julai au Agosti na kuendelea mpaka joto lirudi.

Hapo bustani na shamba zinaachana. Mahindi, mpunga, ufuta na muhogo hufuata wingu. Nyanya ya pwani huanza kazi wingu likiondoka. Ni zao la kisima, na kisima hakiko shambani, kiko karibu na nyumba. Kwa hiyo hata kabla mtu hajaamua, jiografia imeshamwamulia: nyanya ya Kilwa italimwa hatua chache kutoka mlangoni, kwa ndoo, kwa idadi ndogo, na mtu anayeshinda nyumbani. Mambo hayo manne ndiyo yaliyoifanya isionekane kwenye hesabu za serikali yoyote iliyowahi kuitawala pwani hii. Na kutoonekana huko, nadhani, ndiko kulikoiponya.

Julai 1505 kundi la meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida liliingia Kilwa, wakati huo mji wa kisiwani, na kuupora. Katika meli iliyoitwa San Rafael alikuwamo Mjerumani, Hans Mayr, na taarifa ya safari ile inayohusishwa naye ni miongoni mwa maelezo bora tuliyo nayo juu ya chakula cha mji huo. Anakadiria watu 4,000. Anauona udongo mwekundu wenye mchanga juu yake, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kushika jembe Kilwa Masoko atalithibitisha. Anataja machungwa matamu, ndimu, mboga, vitunguu vidogo na majani ya kunukia, na anasema vililimwa bustanini na kumwagiliwa maji ya visimani. Anataja pia jamii ya kunde zinazozaa kwenye vichaka virefu, na msomaji wa Lindi atazitambua mara moja kuwa ni mbaazi. Pamba pia anasema ilistawi vizuri kisiwani.

Nyanya haimo, na isingeweza kuwamo. Safari ya kwanza ya Columbus ilikuwa na miaka 13 tu, na mmea huo ulikuwa bado haujavuka Atlantiki. Jiko la pwani halikuonekana kupungukiwa. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alisimulia alivyolishwa Mogadishu katika safari hiyohiyo: wali wa samli na kitoweo, na pembeni achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Ukali na uchachu ulikuwapo tayari. Nyanya ilipokuja ilikuta nafasi iliyoshikiliwa na ndimu, ukwaju na embe bichi, ikaichukua polepole, na leo mpishi kijana hupaka ukwaju pale tu anapotaka samaki wa kupaka wa kizamani.

Nyanya haikuja peke yake. Mahindi, muhogo, karanga na mkorosho vyote vina asili ya Amerika. Ukiandaliwa mlo wa mchana Lindi, ugali wa muhogo, kisamvu cha karanga na mchuzi wa nyanya, unakula kilichovuka bahari kubwa takriban chote, pengine ukiondoa nazi na samaki. Hakuna anayekiita chakula cha kigeni. Pwani haijawahi kuuliza mmea ulikozaliwa. Kilichowahi kuleta vita hapa ni amri ya kuulima.

Pamba ndiyo shahidi. Miaka 400 baada ya taarifa ile ya meli, pamba ileile iliyokuwa ikistawi kisiwani bila kumuudhi mtu iliwasha moto katika nchi nzima ya kusini. Tangu mwaka 1902 utawala wa Kijerumani ulikuwa umeanzisha mashamba ya pamba ya pamoja, kila jumbe na shamba lake, watu wakitolewa kwenye makonde yao kwenda kulilima, kwa malipo madogo hata wengine wakakataa kuyapokea. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi wilayani Kilwa, waling'oa mashina ya pamba kutangaza vita. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyekuwa kiongozi wao, alinyongwa mwanzoni mwa Agosti, vita ikaendelea hadi 1907, na watu waliokufa kwa risasi, na zaidi kwa njaa baada ya chakula kuchomwa, ni makumi kwa makumi ya maelfu. Walioanza kung'oa hawakuwa wavivu wa kilimo, na mmea wenyewe haukuwa mgeni kwao. Walikuwa wakulima walioondolewa kwenye makonde yao wakati makonde yanawahitaji.

Ningependa kusema kwamba bustani za 1505, kinyume na pamba ya 1905, zililimwa kwa hiari. Siwezi. Taarifa ileile inaeleza kwamba watumwa kisiwani walikuwa wengi kuliko waungwana, na kwamba kazi zao zilikuwa mashambani. Maji yale ya visimani yaliyonywesha vitunguu na majani ya kunukia yalichotwa na mtu ambaye hakuulizwa kama anataka. Na baadaye, katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ikawa mlango mkuu wa kuuzia watu wa bara, wakipelekwa Unguja na kwingineko kufanya kazi kwenye mashamba ya wengine. Hata sheria iliyoufuta utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922 tu, na wapo wazee wa leo ambao bibi zao walikuwa wameshazaliwa. Kwa hiyo mtu wa Kivinje anayeinuka asubuhi akamwagilia miche yake mwenyewe, kwa ajili ya chungu chake mwenyewe, anatumia uhuru ambao katika mji huo umri wake haujafika miaka mingi.

Uhuru huo haukuachwa utulie. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga, na Nachingwea, ndani ya mkoa wa Lindi wa leo, ikawa mojawapo ya sehemu zake tatu pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango ulikuwa eka zaidi ya milioni tatu. Yaliletwa matrekta, ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kula kiasi cha pauni milioni 36. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Karanga zenyewe wenyeji walikuwa wakizilima kabla ya trekta kuja na wakaendelea kuzilima lilipoondoka, mistari michache kando ya muhogo, kiasi cha kutosha kisamvu.

Baada ya Uhuru amri ilibadilika sauti, ikawa ya ndugu. Siasa ni Kilimo ilitangazwa Iringa mwaka 1972. Ikafuata Kilimo cha Kufa na Kupona. Na kusini, ambako vita vya Msumbiji vilikuwa mlangoni, kuhamia vijijini kulianza mapema kuliko sehemu nyingi. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji ya bomba, na mengi ya hayo yalipatikana. Lakini mikorosho haihami. Ilibaki kwenye mahame, mbali na vijiji vipya, ikazidiwa na magugu. Mwaka wa mavuno 1973/74 Tanzania ilipata tani 145,000 hivi za korosho. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 hazikufika 20,000. Bei mbaya na ubwiri unga vilichangia, ila umbali kati ya mtu na mti wake ulichangia pia. Bustani ya nyumbani haikuwa na tatizo hilo. Mbegu za nyanya zilizokaushwa juu ya kipande cha karatasi zilihamia kijijini ndani ya upindo wa khanga, na msimu wa kusi ulipofika zikawa kwenye tuta jipya.

Hata hivyo, amri ilipata njia ya kuingia bustanini pia, na iliingia kupitia shule. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliipa kila shule shamba na bustani, kwa kusudi zuri kabisa. Kwa vitendo, wengi wetu tuliosoma shule za msingi tulikutana na ndoo ya kumwagilia kama adhabu. Uliyechelewa namba, nenda kamwagilie. Uliyeongea darasani, matuta mawili. Mboga zenyewe ziliishia tusikokujua. Mtoto aliyefundishwa hivyo huikumbuka bustani kwa maumivu ya mikono, na akipata mshahara wa kwanza jambo la kwanza analolifurahia ni kununua nyanya sokoni. Watu wanaosema vijana wa pwani hawapendi kilimo wangeanza kwa kuhesabu ni mara ngapi kilimo kilifika kwao kikiwa na fimbo.

Siku hizi fimbo imebadilishwa na ahadi. Fungua simu, utaambiwa eka moja ya nyanya inatoa mamilioni kwa miezi mitatu, kinachotakiwa ni mbegu chotara, dripu na moyo. Hesabu hizo huandikwa kwa bei ya siku nzuri na mavuno ya mwaka mzuri. Hazimtaji kantangaze. Mdudu huyu ana asili ya Amerika Kusini, kulekule kwa nyanya. Alifika Hispania mwaka 2006 na Tanzania mwaka 2014, akianza kuonekana upande wa Arusha. Kiwavi wake huingia katikati ya ngozi mbili za jani, akala ndani huku amejificha, kisha akatoboa tunda. Dawa inayopuliziwa juu ya jani humkuta mara chache, na kila anayenusurika huzaa wenye kuizoea. Aliyekopa kulima eka nzima anaweza kumaliza msimu akiwa na deni na shamba la majani yaliyobabuka. Mwenye miche kumi ana silaha ambayo mwenye eka hana: anaijua yote. Kila asubuhi anageuza majani, linaloonyesha njia ya kiwavi analichuma na kulichoma. Mwarobaini, ambao pwani ya Lindi umejiotea kila uwanja, unatosha kumsaidia kwa yaliyobaki, akiponda mbegu zake, akaziloweka usiku kucha, akachuja na kunyunyizia jioni jua likishashuka.

Vivyo hivyo na udongo. Sehemu kubwa ya pwani hii imekaa juu ya matumbawe ya kale, na udongo wake mahali pengi umejaa chokaa. Mtu angedhani nyanya za hapa haziwezi kuoza kitako, maana ugonjwa huo hutokana na tunda kukosa kalsiamu. Zinaoza. Kalsiamu husafiri na maji ndani ya mche, na mche ukinyweshwa sana leo, ukaachwa siku tatu, ukanyweshwa tena kwa pupa, tunda hubaki na njaa katikati ya shibe. Dawa yake ni maji kidogo kila siku kwa saa ileile, na matandazo ya majani makavu kwenye mashina ili jua lisiyanyang'anye maji hayo. Utaratibu huo hauwezekani kwa shamba lililo mbali. Unawezekana kwa tuta unalolipita kila ukitoka kutupa maji ya kuoshea mchele.

Visima vingi vya ukanda huu vina chumvichumvi, na hilo nalo si msiba mzima. Nyanya huvumilia chumvi kiasi. Tunda linakuwa dogo zaidi na sukari yake inakolea. Nyanya ya Kilwa iliyonyweshwa maji ya kisima cha namna hiyo haitashinda mashindano ya ukubwa, ila iache iivie kwenye mche, ikate nusu, uitie chumvi na ndimu, uilinganishe na ile iliyochumwa mbichi Ilula ikaivia njiani. Wanaoiona tofauti hiyo kuwa ni maneno ya kujifariji hawajaionja.

Maji yenyewe lazima yahesabiwe, kwa sababu kuna mtu anayeyabeba. Mche wenye matunda, siku ya jua, hunywa lita moja mpaka mbili. Miche kumi ni dumu moja la lita 20 kwa siku, wakati mwingine nusu yake. Katika nyumba nyingi za pwani dumu hilo liko kichwani kwa mama au binti. Mtu akisifu bustani za nyumbani bila kutaja dumu hilo, anasifu jasho la mwingine, na tumeshaona kwenye habari za 1505 kwamba hilo ni kosa la zamani sana Kilwa. Nafuu ipo: maji ya kuoshea mboga na mchele, maji ya kusuuzia vyombo yasiyo na sabuni nyingi, maji ya kutawadhia yaliyokingwa kwenye beseni. Na ipo nafuu kubwa zaidi, kwamba baba na wavulana nao wanaweza kubeba ndoo. Bustani isiyoamriwa na serikali ikiwa inaamriwa na mume, bado imeamriwa.

Inabaki mbegu, na hapa ndipo mtu anapoweza kushikwa bila kujua. Mbegu chotara zina sifa zake: huzaa sana, nyingine huvumilia maradhi. Ila mbegu utakayoikamua kwenye tunda lake haitazaa mfano wa mama yake, kwa hiyo kila mwaka unarudi dukani. Tengeru 97 na Tanya, zilizotolewa nchini mwaka 1997 kutokana na kazi ya watafiti wa Tengeru, Arusha, ni za namna nyingine. Zina ngozi ngumu inayovumilia safari, na mbegu zake unaweza kuzitunza mwenyewe. Chagua tunda zuri kwenye mche ulio mzima, si tunda zuri kwenye mche mgonjwa. Liache liive mpaka lilegee, kamua mbegu pamoja na ute wake kwenye kikombe, ziache siku mbili tatu zichache, zioshe, zianike kivulini. Kuna pia zile nyanya ndogondogo zinazojiotea jalalani na kando ya choo bila kupandwa na mtu. Watu huzidharau kwa udogo wake, lakini huzaa hata miezi ya joto, wakati zile kubwa zimegoma. Barabara ikikatika Mei, hizo ndizo zinazokuwapo.

Sidai kwamba miche kumi italiondoa lori la Ilula barabarani. Mji unahitaji nyanya mwaka mzima, Ramadhani ikiangukia kaskazi watu bado watataka kachumbari ya futari, na mkulima wa Iringa naye ana watoto wa kusomesha. Wala bustani haitamtajirisha mtu. Hukumu yangu ni ndogo kuliko hiyo. Katika wilaya ambako kila zao kubwa limewahi kuja na msimamizi wake, tuta la nyanya nyuma ya nyumba ndilo shamba pekee ambalo mwenye nyumba amekuwa msimamizi, kibarua na mlaji kwa wakati mmoja, na ndilo ambalo halijawahi kufilisika. Pamba ya jumbe haipo. Reli ya karanga haipo. Bustani ya kisimani iliyoonwa mwaka 1505 bado ipo, imeongeza nyanya tu.

Nina ombi kwa wenye ofisi: msiifanye kampeni. Msiipe jina, msiiwekee lengo la miche mingapi kwa kaya, na mwalimu asiitumie kama adhabu. Leteni visima vinavyofanya kazi karibu na nyumba za watu, na mbegu halisi katika maduka ya Kivinje, Masoko na Lindi kufikia Machi. Mengine yaacheni.

Na kwako msomaji wa pwani, mwezi ni Aprili, kitalu kinaenea kwenye karai bovu, na miche ihamishwe mvua zikianza kupungua. Usipande mahali palipokuwa na biringanya au pilipili. Panda kumi, usipande mia. Dumu moja kwa siku linatosha, na libebwe kwa zamu.